Kengele ya Mabaka

Jumatatu, 4 Julai 1938
Tumetoka Handeni tukiswaga ng'ombe arobaini wa bucha ya Ngombezi. Mzee Mbwana, mnyapara wetu, anaumwa magoti. Tukifika atakabidhi fimbo yake: kwangu au kwa Semboja. Semboja yuko mbele na Mabaka, maksai mzee mwenye kengele. Ikilia, kundi zima linafuata. Mimi niko nyuma, nakula vumbi.

Mvaa kengele hachinjwi. Mabaka huwafikisha wenzake, kisha hurudi nasi nyumbani. Sijui kama anaelewa. Hapa Sindeni tumeongeza maksai mwekundu kutoka kwa Bi Hamisa.

Jumanne, 5 Julai
Nimepata akili. Kikwazo si Semboja, ni kengele. Kutwa nimemlambisha Mwekundu chumvi kiganjani. Sasa ananifuata hata nikienda kujisaidia! Semboja anasema nimepata mchumba. Acheke tu. Kesho kengele inahama shingo.

Jumatano, 6 Julai
Imehama. Mwekundu alinusa upepo, akageuka, akarudi kwao Sindeni na kundi zima nyuma yake. Nilimkimbilia mbele na chumvi. Alinipita.

Ua umevunjwa, kunde zimeliwa. Bi Hamisa hakunigombeza. Aliuliza tu nilidhani ng'ombe aliyezaliwa zizini kwake angekwenda wapi. Nikamwamkia mara ya pili. Mzee Mbwana ameahidi kwamba tukirudi nitajenga ua upya.

Mabaka hakuwafuata. Tulimkuta palepale barabarani, anamngoja Semboja.

Jumamosi, 9 Julai
Ngombezi. Fimbo kapewa Semboja. Kaipokea kwa mikono miwili, wala hakunicheka. Heri angecheka.

Mlangoni mwa zizi la bucha Mwekundu alikuja kutafuta kiganja changu. Sikuwa na chumvi. Nilimwacha alambe hivyo hivyo. Kama angekwenda mbele siku ile, leo angerudi nami. Nimeona huzuni, na aibu pia.

Jumanne, 12 Julai
Sindeni, najenga ua. Wenzangu wamepita na Mabaka kuelekea Handeni. Kengele inalia na hakuna ng'ombe anayefuata. Niliacha kazi nikasikiliza mpaka ikapotea.

Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona: chumvi ilikuwa kidogo. Bi Hamisa ana maksai mwingine, mweusi, naye anauzwa mwezi ujao. Leo nimeanza kumlambisha.