Beseni la Maua kwenye Meza ya Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya koo mbili, tena kwa kipaza sauti. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba ya kaka yangu, hapa Baraka. Muziki wa harusi bado unapigwa na mimi sina nguvu ya kurudi mbele. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa pikipiki. (Wameshaanza. Nimewasikia.)

Anayeolewa ni Mauwa, binti wa kaka yangu Asende. Mimi ni shangazi yake. Anayemwoa ni Eliya, kijana muuguzi, mpole, ambaye watu wake ni wafugaji wa Minembwe, juu kabisa milimani. Sisi ni Wabembe wa ziwani. Mnaoishi huku mnajua. Msioishi huku, niseme tu kwamba kati ya watu wa juu na watu wa chini yamepita mengi, na harusi kama hii haionekani kila mwezi. Siku zote hizi nyumbani hapakuongelewa kitu kingine. Watakuja kweli? Wakija, watakula samaki wetu? Tukiteleza kidogo, watachukuliaje? Kaka alikonda mpaka suti ya harusi ikabidi ipunguzwe.

"Kosa moja tu inatosha," alikuwa akisema. "Moja tu, na batasema tulibadharau."

Mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu: "Mapambo ya meza muniachie."

(Hakuna aliyeniomba.)

Nilikuwa nimeyaona kwenye simu. Bakuli la maji, juu yake petali za maua zinaelea, katikati kipande cha mshumaa. Basi. Kitu cha bure kabisa, na kinapendeza kuliko yale maua ya plastiki ya kukodi ambayo yanafika na vumbi la harusi za watu wengine. Halafu bibi harusi mwenyewe anaitwa Mauwa! Unampambia vipi meza bila maua?

Asubuhi nikazunguka na ndoo. Nikachuma yale ya rangi ya waridi yenye miiba yanayotambaa kwenye kuta za misioni, nikachuma mekundu makubwa ya nyuma ya kanisa letu, nikaombaomba mawaridi kwa jirani hadi akanipa ili niondoke. Mabakuli nayo niliazima nyumba kwa nyumba, ya kioo, ya udongo, hata la kuwekea saladi.

Nikayaosha, nikajaza maji ya robine kutoka bombani, nikanyunyiza petali.

Zikazama.

Zote! Zilikwenda chini kama zimeitwa. Nikajaribu bakuli la pili, vilevile. Nikakaa chini nikitazama ule uji wa maua, nikifikiria namna ya kuugua ghafla. Mauwa akatoka nje na nywele nusu zimesukwa, akachovya kidole, akanusa.

"Shangazi, iko sabuni humu."

Kumbe sabuni ikibaki kidogo tu kwenye bakuli, petali hazikai juu. Nikarudia kusuuza, na kusuuza, mpaka vidole vikakunjamana. (Mlikumbuke hili baadaye, tafadhali. Nilisuuza.) Mara hii zikaelea. Niliwasha mshumaa mmoja kwa majaribio, ule mwanga ukacheza juu ya petali, na Mauwa akanishika bega. Kwa dakika chache nilikuwa fundi.

Nikapanga meza zote chini ya bashi, lile turubai la kivuli. Nikabakiza moja, meza ya wakwe, iliyo muhimu kuliko zote. Na bakuli lake, lile kubwa la kioo, nikalikuta limepasuka.

Nje pikipiki zilishaanza kupiga honi. Wageni wa Minembwe walikuwa wanaingia.

Nikakimbia kwangu. Ndani hamkuwa na bakuli, hamkuwa na sufuria yenye adabu. Kulikuwa na beseni langu la plastiki, la bluu. Mimi nauza samaki sokoni, nasimama kutwa nzima, na jioni naloweka miguu yangu humo. Nikalitazama. Likanitazama. Nikalisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji moto, nikalisuuza mpaka likalia kwa usafi. Nikalizungushia kitenge kipya. Nikamimina maji, nikaweka petali nyingi kuliko meza zote, na mawaridi yote, na mshumaa katikati. Ukilitazama kwa mbali ungesema limetoka Bujumbura.

Wakaingia. Akina baba na kofia zao na fimbo ndefu, akina mama wamejitanda vitambaa begani. Mbele kabisa nyanya yake Eliya, ambaye wote wanamwita Koko. Mwanamke mwembamba, mrefu hata kwa uzee wake. Pikipiki ilimleta mpaka ilipoweza. Palipokatika barabara aliteremka, akatembea. Wakamkalisha kwenye meza ya heshima, sawasawa mbele ya beseni langu.

Tukakaa. Watu wao upande ule, watu wetu upande huu, kila mtu ameweka mikono mapajani kama yuko kwa mpiga picha. Mchungaji akaomba. Mwendesha sherehe akatangaza kwamba chakula kinakuja. Mimi nilisimama pembeni na sinia, nikimtazama Koko akiyatazama maua, na moyo wangu ukavimba kwa fahari.

Koko akapuliza mshumaa.

Akautoa, akauweka mezani kwa heshima. Akachukua gilasi. Akasogeza petali kwa kidole, pole pole, kama mtu anayetoa kitu kwenye maziwa. Akachota. Akaishika ile gilasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kuelekea kwa kaka yangu, akanywa.

Akanywa yote!

Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesema nini? Nikageuka kwa kaka anisaidie. Kaka naye alikuwa anamtazama Koko kwa macho makubwa, kisha nikamwona anameza mate, anajikaza, anainua bakuli la meza yake. Lote, na maua yake. Akanywa humohumo, bila gilasi.

Basi meza nyingine zikafuata. Upande wao wanachota, upande wetu wanainua. Mishumaa inapulizwa kila kona. Mjomba mmoja alianza kutafuna.

(Yalikuwa maji ya robine, si ya ziwani. Hilo peke yake ndilo limenifanya nisihame mji leo.)

Nikajiambia: Apendeki, nyamaza. Hakuna anayejua. Funga mdomo na harusi itapita.

Nilimsahau mama yangu.

Mama amezeeka, masikio yamepungua, kwa hiyo anaongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa. Mwendesha sherehe akamwita amsalimie mkwe mwenzake, wazee wa nyumba mbili washikane mikono mbele ya watu. Akawashikia kipaza sauti. Mama akamshika Koko mikono, akamwambia karibu, akainama kuyasifu maua. Kile kitenge kilikuwa kimeshuka kwa kuguswaguswa. Bluu ikaonekana.

"Apendeki! Hii si ile beseni yako ya kuloweka miguu?"

Baraka nzima ikasikia. Nadhani hata kijiji cha Lusenda, kule mbali.

Kaka alikuwa na petali nyekundu kwenye masharubu na hakuifuta. Koko akageuka kwa Eliya, akauliza kitu kwa lugha yao. Eliya akanitazama. Niliona kabisa anatafuta uongo wa kuniokoa, na niliona ameukosa. Akamwambia ukweli.

Koko akaitazama gilasi. Akanitazama mimi. Akashika fimbo yake, akasukuma kiti nyuma.

Kaka akafumba macho. Mimi nikaweka sinia chini, maana nilijua harusi imekufa na mimi ndiye niliyeiua.

Lakini Koko hakusimama. Alikuwa anatafuta nafasi ya kunyoosha miguu. Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Akalionyesha beseni kwa fimbo, kisha akaonyesha chini, akasema maneno machache. Eliya akaanza kutetemeka mabega.

"Anasema... anauliza, kama iko beseni ya miguu, mbona iko huko juu, na miguu yake iko huku chini?"

Nikalishusha. Sikuwa na akili ya kufanya kitu kingine. Nikapiga magoti na gauni langu la sherehe, nikachukua ile miguu, nikaitia kati ya maua.

Muniwie radhi, hapa sitanii. Visigino vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Ukucha mmoja ulikuwa mweusi kwa kujigonga mawe, na damu kidogo ilikuwa bado mbichi. Tulikuwa tumekaa siku zote zile tukijiuliza kama watu hawa watatudharau, na huyu mama alikuwa njiani na miguu hii, anakuja kwa ajili ya mtoto wetu ambaye hajawahi hata kumwona. Niliona aibu, na si ya beseni.

Mama akapiga magoti upande wa pili. Akaninyang'anya mguu mmoja.

"We unasugua kama unaparua samaki!" akanigombeza, kipaza sauti bado kipo pale pale. "Pole pole! Huyu iko mukwe!"

Sijui Koko alielewa nini, maana Kiswahili chake ni kidogo. Akacheka. Alicheka kwa sauti nene, akimpigapiga mama begani, na mama naye akacheka, na hapo bashi lote likaachia. Kaka alicheka mpaka akakohoa petali.

Ndipo siri ikatoka. Eliya alikuwa amewaambia ndugu zake wote: kule chini watakachowawekea mbele, msikatae. Na kaka alikuwa amewaambia watu wetu: wageni wakifanya kitu, fanyeni vilevile. Kwa hiyo Koko alidhani ni kinywaji chetu cha kukaribisha, na kaka akadhani ni desturi ya Minembwe. Maji ya maua yamenywewa kwa heshima tupu, na hakuna hata mmoja aliyeyapenda.

Baada ya hapo walikula samaki. Sasa hivi nawasikia wanabishana kwa kucheka, upande upi ulikunywa zaidi. Koko amesema anaondoka na beseni, liko tayari limefungwa nyuma ya pikipiki, na mama alikubali kabla sijaulizwa.

Ninyi marafiki zangu nawaomba kitu kimoja. Kesho mkinikuta sokoni, munisalimie mkinitazama usoni. Tafadhali, si miguuni.