Uzinduzi wa Kituo cha Stendi za Lenzi Ndefu, Akheri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa amepata udhuru wa ghafla nimelazimika kukaimu nafasi yake, na kwa hiyo najisalimia mwenyewe, waheshimiwa madiwani mliofika na mnaoendelea kufika, wachungaji na mapadre, hasa mchungaji aliyetufungulia kwa sala ndefu kuliko ilivyopangwa kwenye ratiba, washili, wazee wa koo za Kimeru mliokaa mbele, malaigwanani, viongozi wa mila wa Kimaasai mliotoka upande wa magharibi wa mlima mkaacha mifugo yenu na watu mnaowaamini nusu nusu, viongozi wa ushirika wa kahawa, wapiga picha wa harusi, wa pasipoti na wa wanyama, wanakwaya, akina mama wa pilau, ambao najua ndio wengi wenu mmewafuata, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mengi yakitokea upande wa pilau.)

Jina langu ni Gadiel Sumari, Mratibu Mwandamizi wa Mradi Shirikishi wa Uthabiti wa Lenzi Ndefu. Wapo wanaoniuliza sokoni, uthabiti wa lenzi ndefu ndiyo nini, na mimi huwajibu kwa unyenyekevu ambao umenifikisha hapa nilipo. Mpiga picha wa wanyama hawezi kumsogelea nyati akamwambia inua kidevu kidogo, kwa hiyo hutumia lenzi ndefu inayomvuta mnyama karibu. Lenzi hiyo ni nzito kama mkungu wa ndizi, na jinsi inavyomvuta mnyama ndivyo inavyoukuza mtetemo wa mkono, ukipumua tu twiga anakuwa moshi. Utafiti wa ofisi yangu, nilioufanya mimi na kuuhakiki mimi, umebaini kwamba asilimia tisini na nane ya picha za mbega zilizopigwa kwenye miteremko ya Meru zina ukungu, na asilimia mbili zilizobaki zilipigwa mbega akiwa amelala. (Vicheko.) Msicheke, hii ni data.

Ndipo katika kikao kazi tulichofanya Levolosi mwaka jana nikasimama mbele ya stekiholda wote na kutangaza kwamba mradi utajenga kituo cha kuazimisha stendi za kila aina za kushikilia kamera na lenzi, bure, kwa kila mpiga picha wa mlima huu. Nikaenda mbali zaidi, kama ilivyo kawaida yangu, nikasema yeyote mwenye stendi chakavu nyumbani aitoe tu, kwa maana zama zake zimepita. Makofi ya siku ile bado yananisindikiza usingizini.

Katika waliopiga makofi alikuwepo binti mmoja wa Elerai, Silantoi, mpiga picha za harusi ambaye moyo wake uko msituni. Silantoi aliniamini. Alirudi nyumbani akachukua stendi yake ya miguu mitatu, aliyoinunua kwa jasho la kupiga picha za mabibi harusi wasiotabasamu, akampa shemeji yake, na shemeji akaipeleka kwenye kwaya yao huko Monduli, ambako mpaka sasa inashika maikrofoni ya sauti ya tatu. (Minong'ono. Mama mmoja: "Maskini.") Sisemi maskini, mama. Nasema mwitikio chanya wa wananchi kwa tamko la kiongozi.

Haikupita muda, mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto akamtafuta. Alikuwa anaandaa kitabu cha wanyama wa msitu wa Meru, na alitaka picha ya mbega mama na kichanga chake. Sasa kwa faida ya wasiofahamu, mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, kama pamba, na baada ya miezi michache ule weupe unaanza kuingia weusi hadi anafanana na mama yake. Silantoi alikuwa amesikia kwamba kichanga cheupe kimeonekana huko juu. Mchapishaji alimwambia wazi, ukinipatia picha ya huyo, safi, unyoya kwa unyoya, kitabu kizima ni chako.

Akaja ofisini. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kuazima stendi."

"Marahaba, binti," nikamjibu. "Stendi ziko kwenye mchakato."

Akaja tena, nikamwambia mchakato umefika ngazi ya juu. Akaja tena, nikamwambia ngazi ya juu imeurudisha mchakato ngazi ya chini kwa maboresho. Mara ya mwisho hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni na kamera yake begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, mtoto anabadilika rangi."

Nikamwambia, kwa huruma ya mzazi, ampeleke hospitali haraka. (Vicheko virefu.) Ningejuaje? Aliponieleza ni mtoto gani, macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo aliyakataza yasidondoke ofisini kwangu, na mimi ni mtu wa maamuzi magumu. Nikaagiza ifanyike ziara ya mafunzo kwa vitendo, yeye mwenyewe akiwemo.

Tuliondoka alfajiri, mimi, Silantoi, dereva wetu Kisioki, na mtaalamu mwelekezi wa mradi, Bwana Ephraimu, yule pale mwenye tai ya njano. Simama wakuone, Ephraimu. (Makofi machache.) Tukamchukua askari wa hifadhi getini. Njia nzima Bwana Ephraimu alitupatia elimu: stendi ya miguu mitatu ni ya mtu aliyetulia mahali pamoja na mwenye nafasi ya kuitandaza, ya mguu mmoja ni ya anayetembea, maana unaitumia huku miguu yako miwili ikikamilisha hesabu, na mfuko wa maharage ni wa aliye ndani ya gari, unaulaza dirishani na lenzi inalala juu yake bila kuteleza.

"Nimekuelewa, kaka," akasema Silantoi. "Leo tumebeba ipi?"

"Leo tumebeba mabango ya zote tatu," akajibu Bwana Ephraimu, na ni kweli, yalikuwa mabango mazuri, yenye picha yangu juu.

Tukawakuta. Kundi zima lilikuwa kwenye mti mmoja karibu na barabara, mikia myeupe ikining'inia, na katikati yao mama ameketi na kitu cheupe kifuani. Silantoi akalikunja koti langu la suti akaliweka dirishani, akalaza lenzi juu yake, akachungulia. Kisha akasema bila kugeuka, "Kisioki, zima gari. Linatetema."

Kisioki akaniangalia kwenye kioo. "Bosi, nizime?"

Ndugu wananchi, upo mwongozo unaosema gari la kiongozi halizimwi kiongozi akiwa ndani, na kiyoyozi hakikatizwi. Mwongozo huo niliuandika mwenyewe, na kiongozi anayevunja mwongozo wake atakuwa mfano gani kwa jamii? Nikamwambia Kisioki asizime. Silantoi akapiga hivyo hivyo. Kila picha ilitoka kana kwamba mtu amemwaga maziwa kwenye majani. Naye mbega, kwa kuchoshwa na ngurumo yetu, akaruka na mwanawe wakashukia bondeni. (Mwanamume mmoja: "Ungezima tu, mzee.") Nakuona, ndugu. Maoni yako yamepokelewa.

Nikamtazama binti yule anavyoikagua kamera yake picha moja baada ya nyingine, na bila kikao chochote nikajikuta nafungua mlango. "Tushuke," nikasema. Askari akatangulia na bunduki, sisi nyuma, kwenye tope na majani makubwa, mimi na viatu hivi hivi mnavyoviona.

Tuliwaona ng'ambo ya kijito, mama ametulia kwenye tawi. Silantoi akainua lenzi, lakini alikuwa ameibeba kwa mikono kutoka barabarani, na mikono ilikuwa inacheza. Akaomba aiegemeze kwenye bega la Bwana Ephraimu. Bwana Ephraimu akakubali kwa moyo mmoja, ila alikuwa amesikia nyati akikohoa mahali fulani, na bega lake likawa linatikisika kuliko gari. (Vicheko. Bwana Ephraimu anaketi.)

Ndipo akanigeukia mimi. "Mheshimiwa," akasema, "piga goti."

Miaka yote ya utumishi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikapiga goti. Akaniambia nitazame chini, nikatazama chini. Akalaza lenzi begani kwangu, karibu na sikio, akasema, "Usipumue mpaka nikuambie."

Siafu wakaniona. Walianzia kwenye soksi wakapanda kwa utaratibu mzuri ambao natamani ningeuona kwenye idara zetu, na kila mmoja alichagua mahali pake akang'ata. Simu ikaanza kutetema mfukoni, nikaifinya kupitia suruali mpaka ikakata tamaa. Sikusogea. Nilikuwa natazama jani moja lililooza, machozi yananitoka puani, na kichwani nilikuwa nasema jambo moja tu: asiondoke, huyo mnyama asiondoke, nimekwisha mharibia binti huyu mara ngapi. Begani nikasikia kamera, tk, tk, tk, kisha kimya, kisha tk ya mwisho.

"Pumua," akasema.

Sikumwona mbega, ndugu zangu. Niliinua kichwa tawi likiwa tupu. Lakini Silantoi alikaa chini pale kwenye majani, akanigeuzia kioo cha kamera, na humo alikuwemo mama anatutazama, na kichanga cheupe kimemshika kwa vidole vyembamba, na weusi ulikuwa umeanza kumwingia mgongoni, kidogo tu, kama mtu aliyeegemea sufuria. Nilitaka kusema neno. Mnanifahamu, huwa sikosi. Halikuja.

"Asante, mzee," akasema. Hakusema Mheshimiwa, nami sikumrekebisha. Kisha akanisaidia kuvua soksi.

Mchapishaji aliipokea picha ile siku hiyo hiyo, na kitabu kizima amempa Silantoi. Leo nilimwalika hapa aketi meza kuu. Akanipigia simu, akaomba radhi, akasema yuko msituni anamsubiri digidigi, akiwa na mfuko wake mwenyewe wa maharage alioshonewa na fundi wa Levolosi. Nikamuuliza tumwandikie nini kwenye ripoti kuhusu mchango wa mradi. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika kwamba ulinyamaza, mzee." (Vicheko na makofi ya muda mrefu.)

(Mama mmoja wa safu ya nyuma anasimama: "Baba, sisi tumekuja kuona stendi. Ziko wapi?")

Swali zuri, mama, nami nalijibu kwa uwazi na uwajibikaji. Mpango mkakati upo. Andiko la mradi lipo, limejalidiwa. Nembo ipo. Kuhusu stendi zenyewe, stendi pekee iliyowahi kutoka katika mradi huu ndiyo hii inayowahutubia, na goti lake la kulia bado halijanyooka. (Mtu mmoja anapiga makofi, anaangaliwa, anaacha.)

Nikisema lenzi ndefu, mseme haitikisiki. Lenzi ndefu. (Wachache: "Haitikisiki.") Mradi wetu. (Hakuna anayejibu.) Basi, hiyo tutaifanyia semina elekezi.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Hedwiga, ambaye kwa ukarimu wake alituruhusu tufunge utepe kati ya migomba yake miwili kwa asubuhi ya leo tu. Ameniomba niwatangazie kwamba ng'ambo ya utepe hakuna kituo, kuna miche yake ya kahawa aliyoihamishia hapo juzi, kwa hiyo nikishakata, tafadhali mtu yeyote asipite.