Gari Langu Halijatelekezwa, Nimo Ndani

Kwa Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi naipokea yako. Shule sikuiona hata mlango, kwa hiyo maneno nayatamka mimi, na mkwe wangu, fundi cherehani, anayaandika. Ana tabia ya kuyalainisha. Nimekaa ubavuni mwake, na kila akiandika kifupi kuliko nilivyosema namrudisha nyuma.

Kilichonileta ni ukurasa wako wa Jumamosi. Mpiga picha wako alikuja kwangu na lenzi mbili, moja ya bei nafuu na moja ya bei ghali, akaomba alipige picha gari la marehemu mume wangu ili wasomaji waone ipi bora. Nikamruhusu, nikampa na chai. Sasa nalalamika hivi:

1. Mmeandika "gari kuukuu lililotelekezwa". Limetelekezwa na nani? Kuku sita wanataga kiti cha nyuma. Kila alasiri mimi nakaa kiti cha mbele nachambua maharage, na mlango naufunga kwa ndani. Magurudumu hayapo, sikatai. Na mimi meno hayapo, mbona hamkuandika kwamba nimetelekezwa?

2. Nimeambiwa lenzi zote mbili hazivuti mtu karibu, anayepiga ndiye asogee kwa miguu yake. Hapo sina ugomvi, ndiyo adabu. Ugomvi wangu ni na ile ya ghali, nzito kama mchi. Imeipiga taa ya mbele mpaka kutu inahesabika punje kwa punje, lakini nyuma ya taa ni ukungu mtupu. Nyumba yangu imekuwa uji. Na mimi nilikuwa nimekaa humo garini na kitambaa kipya kichwani! Mpiga picha wako akaandika kwa furaha kwamba mandhari ya nyuma "imeyeyuka vizuri". Ndugu Mhariri, kilichoyeyuka ni mimi.

3. Ile ya bei nafuu, ya plastiki, nyepesi kama kopo tupu, imeona kila kitu: geti na namba yake, kuku, nguo kwenye kamba, na mimi nimefungua mdomo namwambia achomekee shati. Shahidi mwaminifu namna hiyo mmempa nyota mbili kati ya tano, na picha yake mmeichapa ndogo kama stempu.

4. Matokeo yake, juzi limepita gari la vipaza sauti la manispaa likitangaza kwamba gari lililotelekezwa, lile la gazetini, litakokotwa Alhamisi likauzwe vyuma chakavu. Mwanangu, sikiliza. Kwa gari hilo mume wangu aliwakimbiza hospitali wajawazito wa mtaa mzima. Watatu hawakuweza kusubiri, wakajifungulia kiti cha nyuma, ndiyo maana kuku wanakipenda, kimezoea kazi hiyo. Na tangu mume wangu afariki, nikiwa na neno naye naingia humo, nafunga mlango, namgombeza mpaka roho inatulia. Wakilichukua, nitamgombezea wapi?

5. Kama kila kisichosogea kimetelekezwa, manispaa ianze na diwani wetu. Tangu tumchague hajasogea. Akokotwe yeye kwanza, afuate karani wa dirisha la malalamiko pamoja na dirisha lenyewe, halafu ndipo waje kwangu tuzungumze.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, picha ya lenzi ya bei nafuu ichapwe ukurasa wa kwanza, kubwa, namba ya geti isomeke, na chini yake muandike: "Gari lina mwenyewe, yumo ndani." Lenzi ya ghali mnyang'anyeni mpiga picha mpaka aje akae kwangu siku tatu, ale ashibe. Mtu mwembamba vile, labda ni njaa inayomtia ukungu.

Naishia hapa kabla mkono wa mkwe haujafa ganzi. Nisalimie mkeo, wapangaji wa kurasa, wanaoendesha mitambo, na mlinzi wenu wa mlangoni, mwambie avae sweta.

Ni mimi, mwenye hasira na wewe lakini nakupenda,
Bibi wa Gari la Kijani
(Dole gumba langu ni hili hapa. Weusi huo ni masizi, wino umekwisha.)

Nyongeza: Bahasha ilikuwa haijafungwa, leo Alhamisi wakokotaji wakafika na gazeti mkononi, wameshika ile picha kubwa ya lenzi ya ghali. Tangu asubuhi hadi adhuhuri wamezunguka mtaa wakiinua picha na kuishusha, wanatafuta nyumba inayofanana na uji. Wameniuliza hata mimi, nikiwa nimekaa humohumo garini, shuka nilizoanika zimetanda mpaka juu ya taa. Nikaitazama picha, nikawaambia kweli tupu: nyumba siitambui, na huyo mtu wa moshi simjui. Wakashukuru, wakanywa maji, wakaondoka. Basi futa yote ya juu. Lenzi ya ghali ipewe nyota zote tano, na ya sita natoa mimi. Ile ya bei nafuu msiichapishe picha yake popote. Ni mbea ile, inataja hadi namba ya geti.