Malalamiko Dhidi ya Kalamu Isiyosumbua

Mwalimu Mkuu Mstaafu Fanueli Sheghembe,
Mlalo, Lushoto.

Kwa Sista Janeth, Kliniki ya Kisukari.

Sista Janeth,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Ile kalamu ya insulini uliyonipa mwezi huu, ambayo nilikutumia ujumbe kuwa imevunjika, haikuvunjika. Nimeificha kwenye debe la unga wa mahindi, wiki ya pili sasa. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi tena, nami sipendi kwenda kaburini nikiacha uongo kwenye unga wa watu. Ila kabla hujanisamehe, soma malalamiko yangu. Kosa ni la kalamu yenyewe.

1. Haina heshima kwa elimu. Jirani yangu Rubeni, mstaafu wa zahanati, alisomea kudunga watu miaka mitatu. Kalamu hii ulitufundisha pale kwenye benchi kabla chai yangu haijapoa. Mama Kibibi, muuza karoti ambaye hakuwahi kukanyaga darasa lolote, aliielewa kabla yangu, kisha akanigeukia: “Mwalimu, nikuelekeze?” Niliongoza shule miaka thelathini na mmoja, Sista.

2. Haiumi. Zamani nikidungwa nilipiga kelele, mkwe wangu Happiness akajua nimeamka salama, akainjika chai. Siku ya kwanza ya kalamu nilijidunga kimya, nikaisubiri chai hadi ukungu ukaondoka.

3. Hili ndilo kubwa: haihitaji mtu. Unazijua heshima zetu. Happiness hawezi kuliona tumbo la baba mkwe wake, wala mimi siwezi kumfunulia, na mikono yangu inatetemeka. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka tisa, Rubeni amepanda matuta yote yale na mwavuli wake, na maneno yake mlangoni: “Fungua tumbo, Mwalimu, tuone maboga ya wanafunzi wako yalikoishia.” Nami humjibu kwamba mkono wake ulizoea ng'ombe. Akishadunga tunakunywa chai na kugombana. Yeye ni Mkatoliki mzaliwa wa Gare, mimi Mlutheri, na kwa mabishano yetu mbinguni hapatatutosha.

Kalamu ilipoingia, alinikuta nimeshajidunga. Akaishika, akaigeuzageuza, akasema, “Basi, umehitimu,” akashuka. Siku nne hakuja. Ya tano Happiness alipita kwake, akamkuta barazani amevaa koti lake la kazi na viatu, amekaa tu. Jioni hiyo niliifukia kalamu kwenye unga, nikamwita Rubeni.

Kwa hiyo naomba kliniki iwaandikie watengenezaji wauondoe urahisi huu. Warudishe kichupa, mapovu ya kugongagonga, na ile mistari midogo ya bomba isiyosomeka. Wakishindwa, basi kalamu isifunguke mpaka ishikwe na watu wawili, mmoja wao awe mstaafu wa zahanati, na waonyeshe vyeti.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini anayeniita kijana, na Mama Kibibi, kama hapana budi.

Wako, anayedai usumbufu wake urudishwe,
Fanueli Sheghembe

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijapata wa kuileta, na jana niliifukua kalamu, nikaipangusa unga, nikamkabidhi Rubeni. Akazungusha kipimo chake sikio limeinama, akihesabu kila mlio: moja, mbili, hadi kumi na nne. Nikasoma kidirishani: kumi na nne. Akairudisha sifuri, akarudia mara tatu, hakukosea hata mara moja, kisha akaniamuru nifungue tumbo. Kwa hiyo futa maombi yangu yote. Watengenezaji wasiguse kitu. Niongezee sindano zake, na umwite Rubeni umfundishe rasmi mbele ya watu, maana nikishaondoka wapo watakaomwita na bomba la sindano la zamani, naye hatakataa.

Siku ile nilipozimia nikakuambia sikula, nilikuwa nimekula. Rubeni alinivutia yuniti thelathini badala ya kumi na nne. Tangu hapo naamka kabla yake, naweka viwiko mezani, naivuta dawa mwenyewe nusu saa nzima hadi ifike mstari wake, na akija namwambia nimemwokolea muda. Anadunga, ananishukuru.

Rubeni haoni, Sista. Mwaka wa pili sasa, haoni.