Mshauri wa Sayansi na Kioo cha Sukari

Jumamosi, 3 Februari
Nimeajiriwa! Mshauri wa sayansi, tamthilia ya televisheni ya Ramadhani, studio ya barabara ya Piramidi. Mke wangu Ragaa ameshawatangazia majirani wa ghorofa zote. Nimeusoma mswada. Mwanasayansi wao ana nywele kama fagio, anacheka peke yake, na kila anachokichemsha ni cha kijani na kinafuka moshi. Nikamweleza mwongozaji, Bi Nagwa, kwamba nimefundisha kemia chuoni miaka ishirini na miwili na sijawahi kucheka maabarani. Akasema inaonekana.

Jumapili, 4 Februari
Nimepata mbinu. Wakiona kifaa halisi, wataona haya wenyewe. Nimechukua mtungi wetu wa kukenekea maji, yaani kuyachemsha na kukusanya mvuke wake: kioo, shingo ndefu, wa pekee idarani. Nikamwambia mkuu wa idara, Dakta Fikri, kwamba naupeleka kusafishwa. Fikri alipewa cheo kilichostahili kuwa changu. Kumdanganya yeye hakuhesabiki.

Jumatatu, 5 Februari
Asubuhi nimeuweka mezani kimyakimya, mahali pa mtungi wao, ambao ulikuwa mwepesi na wa ovyo. Kumbe leo ni onyesho la hasira. Ukurasa ule niliuruka. Mwigizaji mkuu, Tharwat, akanguruma, "Wajinga nyie, hamnielewi!" akaubamiza mtungi ukutani. Mlio mzuri mno! Bi Nagwa akapiga makofi. Kisha damu. Akashonwa nyuzi nne kiganjani. Kumbe ule wao ulikuwa wa kioo cha sukari, unavunjika bila kumkata mtu. Tharwat akauliza ni punda gani aliyeweka kioo cha kweli. Nikaungana na wenzangu kumtafuta.

Jumanne, 6 Februari
Mtunza vifaa, Amu Sobhi, ndiye aliyenigundua. Akanipa ule wa sukari. "Chukua, mwanangu, ila hapa usirudi." Nimeuweka rafuni maabarani. Huwezi kuutofautisha! Fikri amepita, ameusifu kwa kung'aa. Mchana nimelala kama mtoto mchanga.

Jumatano, 7 Februari
Fikri ameleta wageni watatu wa wizara waone tunavyokeneka maji. Nikashauri watazame bila moto. Akaniambia nikae. Akawasha. Dakika mbili tu, shingo ya mtungi ikainama kama mtu anayerukuu. Maabara yote ikanukia basbusa, ile keki ya shira. Mgeni mmoja akabandua tone lililoganda mezani, akaramba, akauliza kama kuna chai. Fikri akazima moto. Akanitazama.

Alhamisi, 8 Februari
Barua mbili. Studio imenifukuza. Chuo kimechukua funguo zangu za maabara mpaka nijieleze. Ragaa akaniwekea supu ya dengu. "Baba Nihal, si ungemwambia Fikri ukweli tangu Jumatatu?" Alisema kweli, ndiyo maana nikamwomba limau. Kwenye ngazi jirani akauliza nitaonekana lini kwenye televisheni. Nikasema karibuni.

Ijumaa, 9 Februari
Baada ya swala, simu! Studio nyingine, tamthilia ya hospitali. Mshauri wao wa upasuaji ameacha kazi. Wamesikia naitwa daktari, ila hawakusikia kwamba ni wa kemia; wakauliza kama naujua upasuaji. Nikasema tangu ujana, hasa wa moyo. Kesho asubuhi mapema nakwenda kwa Ragab mchinjaji, anionyeshe moyo unakaa upande gani.