Mipigo Miwili na Kitunguu Kimoja

Jumamosi, 27 Julai 1996

Siku kubwa! Bwana Liaquat, mwenye kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya pamba, ameniita ofisini na kuniambia niketi. Miaka miwili nimekuwa karani wa mizani pale na sijawahi kukaribishwa kwenye kiti chenye mto.

Anasema Nane Nane mwaka huu kutakuwa na motokrosi Ibadakuli, na humo zimo mbio za zile pikipiki za matairi manne. Kiwanda lazima kishiriki. Rohit wa duka la spea anazo mbili, zilizoachwa na kampuni ya utafiti wa dhahabu iliyofunga kambi huko Geita. Moja anauza, nyingine ataendesha mwenyewe. Moja ni ya mipigo miwili, nyingine mipigo minne. Tukiwahi tutachagua sisi. Je, mimi niliyekuwa fundi mitambo Geita, nashauri ipi?

Hapa niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Geita nilikuwa mpishi. Miezi kumi na minne niliwakaangia watu mayai na maandazi. Nilipofika Shinyanga nikaona aibu, mwanaume mzima, nikasema nilikuwa fundi. Nilisema mara moja tu. Watu ndio walioendelea kulirudia.

Nikamjibu Bwana Liaquat kwamba jambo kama hilo haliamuliwi bila kuziona mashine. Akafurahi. Akasema nitaendesha mwenyewe, na nikishinda atanifanya mkuu wa karakana, juu ya fundi wetu Mwigulu. Juu ya Mwigulu! Nilitoka kwa madaha, nikafungua mlango wa kabati badala ya mlango wa ofisi.

Jumapili, 28 Julai

Nimemsindikiza Bernadina stendi. Ni muuguzi, anakwenda Mhunze kuchanja watoto, atarudi tarehe kumi na moja. Nilimwomba kwa mara ya tatu tuoane. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akasema akirudi atanipa jibu. Moyo wangu haujatulia mpaka sasa.

Akaongeza kwamba yeye hatafuti mwenye maneno, anatafuta mwanaume ambaye mikono yake inajua kazi. Kisha akaulizia redio yake.

Redio! Aliniletea mwezi wa tano, ilikuwa inakoroma kidogo. Nilipoifungua ikaacha kukoroma, na mengine yote. Sasa imo kwenye boksi la viatu uvunguni, na vipande ni vingi kuliko nilivyoanza navyo. Nikamwambia nasubiri spea kutoka Dar es Salaam.

Mkuu wa karakana hawezi kukataliwa. Lazima nishinde.

Jumanne, 30 Julai

Dukani kwa Rohit, mimi, Bwana Liaquat na Mwigulu. Nyekundu ni ya mipigo miwili. Ya bluu ni ya minne. Vinginevyo sikuona tofauti.

Mwigulu ni fundi wa kweli, mtu wa maneno machache, na hicho ndicho kinachoniudhi. Akachuchumaa, akachungulia, akasema tuchukue ya bluu. Inavuta taratibu kuanzia chini, haimtupi mgeni, na oili yake inakaa peke yake ndani ya injini. Nyekundu ni nyepesi na ina mbio, lakini nguvu yake inakuja kwa ghafla, tena oili yake lazima ichanganywe kwenye petroli. Ukikosea, injini inanoki, inaganda kabisa, na mchezo umeisha.

Rohit naye akasema kwa mtu asiyezoea, bluu. Hapo nikanusa hila. Muuzaji gani anakupa ushauri mzuri? Ni wazi anaitaka nyekundu ibaki kwake!

Nikagonga tangi mara mbili, nikasikiliza. Nikasema kazi ni ile ile. Huyu anaimaliza kwa mipigo miwili, yule kwa mipigo minne. Nani atawahi kufika?

Bwana Liaquat akasema hajawahi kuelezwa habari za injini kwa ufupi namna hiyo. Tukachukua nyekundu. Mwigulu akaisukuma nje. Baadaye akaniambia kwamba, kwa bahati mbaya, pale nilikaribia kusema kweli.

Furaha haikudumu. Tunatoka, nani anashuka kwenye lori la Rohit? Mageni! Dereva wa kambi yetu Geita, aliyekula mayai yangu kila asubuhi. Ndiye aliyezileta pikipiki. Haraka nikavaa helmeti iliyokuwa kwenye meza ya mauzo, nikampita, nikatembea nayo mpaka nyumbani. Imebidi kiwanda kiinunue.

Ijumaa, 2 Agosti

Mazoezi, nyuma ya kiwanda. Mwigulu akajitolea kunifundisha. Nikamjibu kwamba Geita nilikuwa naendesha hizi nikiwa na trei mkononi. Trei ya vifaa, nikaongeza haraka.

Nikapiga kiki mara thelathini. Mwigulu akaja, akafungua petroli, akaondoka. Ikawaka. Nikavuta mafuta. Hakuna kitu. Nikavuta zaidi. Hakuna kitu. Nikavuta kidogo tu tena, nguvu yote ikafika kwa pamoja. Pikipiki ikaondoka. Mimi nikabaki.

Iliparamia magunia ya mbegu na kusimama pale yenyewe. Wanawake wanaochambua mbegu wakapiga vigelegele. Niliinuka nikawapungia mkono, nikasema hiyo ndiyo namna ya kupima breki.

Jumanne, 6 Agosti

Petroli iliyochanganywa tayari, aliyotupa Rohit, imekwisha. Nimekwenda kumuuliza vipimo. Akasema oili chupa moja kwa petroli chupa ishirini na tano. Nilitaka kuuliza oili gani. Lakini fundi haulizi swali kama hilo, tena Mageni alikuwa anasogea. Nikavaa helmeti, nikaondoka.

Nikawaza njia nzima. Oili ni mafuta. Mafuta nitayapata wapi? Kisha nikacheka mwenyewe barabarani. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta! Tuna mapipa arobaini!

Ila mafuta mabichi ya pamba yana harufu nzito na yanatoa povu, kila mpishi analijua hilo. Huwezi kuyatumia hivyo hivyo. Nikayabandika jikoni kwangu, nikatumbukiza kitunguu kizima kilichokatwa, nikangoja mpaka kikawa cheusi. Nikaepua, nikapoza, nikachuja kwa kitambaa safi mara mbili. Yakatoka meupe, yanang'aa. Sijajivunia kazi ya mikono yangu namna hii tangu Geita.

Mwigulu akapita, akauliza napika nini. Nikamwambia ni siri ya injini. Akanusa, akasema siri hiyo imemtia njaa. Kisha akatoa kopo dogo mfukoni, oili ya mipigo miwili aliyoiagiza Mwanza kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Huyu ambaye nikishinda nitakuwa bosi wake? Njama mchana kweupe. Nikamshukuru kwa adabu, nikasema wabeja, nikamrudishia kopo lake.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Umati ulikuwa mkubwa. Watu wametoka mpaka Tinde na baiskeli zao. Njia ya mashindano ilizunguka mabanda ya maonyesho, na turubai la wageni wa heshima lilikuwa katikati. Mizunguko mitano. Tulikuwa wanne: wawili wa Mwanza, Rohit na ya bluu, na mimi.

Bendera ikashuka. Nikavuta mafuta, hakuna kitu, nikavuta tena, na ile nguvu ikaja. Safari hii nilikuwa nimeshika sawasawa. Nikapaa kwenye tuta la kwanza nimefumba macho. Nilipoyafumbua sikumwona mtu mbele yangu. Nilidhani nimepotea njia. Kumbe naongoza! Nilimsikia Bwana Liaquat akiita jina langu. Kichwani mwangu nikamwona Bernadina, na kanga ya harusi, na kibao cha mlangoni: Mkuu wa Karakana.

Mzunguko wa pili nikaona watu hawashangilii tena. Wameinua pua. Ekzosi yangu inatoa moshi mweupe, na moshi unanukia kitunguu cha kukaanga. Mgeni mmoja wa heshima akauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Mbwa watatu wakaanza kunifuata.

Mzunguko wa tatu injini ikaanza kukohoa. Rohit akanipita taratibu, wala hana haraka. Na hapo, mbele kabisa ya turubai, nikasikia sauti ninayoifahamu. Mageni amesimama juu ya kiti, anapaza sauti kwamba hiyo ni harufu ya jiko la Geita, na kama hiyo ni harufu ya jiko la Geita basi mwenye helmeti ni Thobias mpishi! Akaniuliza mbele ya watu wote kama maandazi yameiva.

Nikageuka kumwambia anyamaze. Injini ikanoki. Magurudumu yakaganda, mimi nikaendelea. Kulia kulikuwa na banda la pamba, rundo laini refu kuliko mtu. Nikaangukia kushoto. Kushoto kulikuwa na viazi.

Rohit ameshinda. Nimelala hapa kitandani nasikia aibu mpaka kwenye kucha. Heri moja tu, Bernadina yuko Mhunze na hakuona.

Ijumaa, 9 Agosti

Bwana Liaquat ameniita. Sikukaribishwa kwenye kiti. Mwigulu alikuwa ameifungua ile injini, na pistoni ilikuwa mezani, imefunikwa kitu cheusi cha kunata. Bwana Liaquat akainusa. Akaniuliza kama kweli nilitia kitunguu. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema mafuta ya pamba bila kitunguu yananuka.

Akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Nikajua kazi imekwisha. Kumbe anacheka. Alipoweza kusema, akasema mpishi wa kiwanda alitoroka mwezi uliopita kwenda kuchimba dhahabu, wafanyakazi wanakula ugali mbichi, na mtu mwenye bidii hiyo kwa mafuta ni wa kushikwa asipotee. Kesho naanza jikoni. Nimeomba tu mlangoni paandikwe Karakana ya Chakula. Atalifikiria.

Jioni Mwigulu amekuja kunipa pole. Alipoketi kitandani, mguu wake uligonga lile boksi la viatu uvunguni. Akaliona, akaliinua, akaomba kisu cha jikoni. Saa moja tu, redio inaimba. Vipande vitatu vilibaki, akasema vilikuwa vya saa yangu ya mezani. Hakutaka asante. Nikampa chai na maandazi, akala saba.

Ni mtu mwema. Inaniuma kukubali.

Jumapili, 11 Agosti

Bernadina amerudi! Ameshuka stendi na kuja moja kwa moja kwangu, vumbi la Mhunze bado liko kwenye viatu. Hajaonana na mtu mjini. Mezani kulikuwa na redio inaimba na sinia la maandazi niliyoyapika asubuhi.

Akauliza nani ametengeneza redio. Nikasema mimi. Akasema vizuri, akaizima. Akachukua andazi. Akachukua la pili. La nne alilila amefumba macho.

Kisha akasema wazi. Alikuja na jibu lake, lakini sasa anataka kujua kitu kimoja kwanza. Mafundi redio wako kila kona, akasema. Ila mwanaume ambaye mikono yake inaweza kutoa andazi kama hili, huyo angekubali kuolewa naye hata leo. Nani amepika?

Alikuwa ananitazama machoni. Nilijua jibu. Neno lilikuwa moja, tena fupi. Lakini nilifikiria helmeti, na Mageni juu ya kiti, na mwanaume mzima na kitunguu chake. Kiburi kikanituma nikasema mimi ni mtu wa mitambo, jikoni siingii. Akauliza basi ni nani. Nikataja jina la kwanza lililonijia.

Nikasema Mwigulu.

Akafuta mikono taratibu, akachukua redio yake na maandazi mawili ya njiani. Akasema asante sana, kaka Thobias. Akaomba nimfikishie Mwigulu salamu, na kwamba kesho kutwa jioni atapita kwake kuonja mengine.

Kaka!

Nimekaa nimefikiri sana, na sijakata tamaa. Huu uongo ukigundulika nimekwisha kabisa kwa Bernadina. Lazima usigundulike. Siku mbili zinatosha. Kesho alfajiri nakwenda kwa Mwigulu na unga, iliki na chupa ya mafuta yaliyokwisha kupitishwa kitunguu, nimfundishe kupika maandazi.