Birika la Bismillahi

Jumatatu, 14 Juni 1954, Mbeya
Baridi. Vidole havishiki kalamu. Bi Mwanakhamisi, mjane wa mtaa wa pili, amemaliza eda, na Muhidini muuza vitambaa amekwisha mpelekea saa ya ukutani. Mimi mgane, mshona magodoro, nina nini? Nina hati nzuri. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliisifu, Mungu amrehemu. Nitaandika Bismillahi, herufi zizunguke ziwe njiwa, amtundike ukutani kwake. Kaka yake Selemani anakuja Ijumaa kwa basi la Iringa. Yeye ndiye walii, ndiye atakayeozesha. Njiwa lazima amtangulie.

Jumanne, 15 Juni
Njiwa amekamilika, mzuri hata nikatokwa na machozi. Nikampeleka kwa Shehe Othmani. Akamtazama kitambo, akauliza siku ya kiyama nitamtia roho mimi? Nikasema ni herufi tu, shehe. Akasema herufi hazina jicho, na hili linamwangalia yeye. Karatasi yenye Bismillahi haitupwi, kwa hiyo nimemzika nyuma ya nyumba. Jirani yangu Bibie akachungulia juu ya ua, akaniuliza ni nani amefariki.

Jumatano, 16 Juni
Kitu kisicho na roho, kisicho haramu kuchorwa: birika. Alifu ikawa mdomo wake, mimu ikawa mkono. Karatasi imekwisha, nikatoa sahani kubwa nyeupe ya marehemu mke wangu. Sisi watu wa asili ya pwani tunatundika sahani ukutani, ataelewa. Wino mweusi una huzuni. Nikakoroga zafarani na marashi, ikatoka rangi ya dhahabu kabisa. Muhidini atakoma. Nikampa Bibie apeleke, asiseme neno, kitu kitajisemea chenyewe.

Alhamisi, 17 Juni
Sahani imerudi. Nyeupe pepepe.
Kumbe Bi Mwanakhamisi ana mafua tangu Jumapili. Bibie anasema alipoiona tu alimshukuru Mungu, akasema kaka Jaha, yaani mimi, kamletea kombe. Akamimina maji, akaosha maandishi yote, akanywa. Bibie naye alibakishiwa funda moja. Ametumwa kunipa shukrani, kifua kimefunguka, tena marashi yalikuwa matamu.
Sahani nyeupe, zafarani, jina la Mwenyezi Mungu. Hata mtoto wa chuoni angejua hiyo ni dawa ya kunywa. Mimi nilikuwa nafikiria dhahabu tu. Sijala kutwa. Kinachonichoma si kunywa kwake. Ni lile neno kaka.

Ijumaa, 18 Juni
Baada ya swala Selemani akanishika mkono mlangoni pa msikiti, akasema tuje nyumbani kwangu, ana neno nami. Nikamtandikia godoro jipya. Akajinyoosha, akasema dada yake amemweleza habari zangu zote. Nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Akasema, basi bwana mganga, mgongo huu basi limeumaliza, niandikie na mimi. Alipokwisha kunywa akanialika harusi, wiki ijayo, ya Muhidini na dada yake.
Nilimwandikia. Ningefanyaje? Ni mgeni.

Jumapili, 20 Juni
Nimelia, nimeswali, nimefikiri. Kosa nimeliona. Ni birika. Ukimchorea mtu birika, atakunywa tu. Leo Bibie kanidokeza ana binamu yake Iringa, mjane, mcha Mungu, anakohoa kidogo. Huyo nitamwandikia taa. Sahani ninayo, na zafarani imebaki ya kutosha.